Mufupa Shingoni mwa Binti Yangu

Uvumilivu wangu uliisha Jumanne, saa saba za mchana, nikiwa nyuma ya nyumba naanika samaki wadogo wa ndagala. Binti yangu wa miaka kumi na miwili alitokea mbio, akashika kitenge changu, akakivuta. Nikamuuliza kwa Kifaransa kuna nini, maana hiyo njo sheria niliyokuwa nimeiweka nyumbani. Mdomo wake ulifunguka, ukafungika, hakikutoka kitu. Akavuta tena, macho yamemtoka. Ndipo nikasikia mutoto wangu mudogo analia jikoni.

Alikuwa ameangusha sufuria ya maji ya bugali kutoka juu ya mbabula ya makaa. Mungu alisaidia, maji yalipata mguu mumoja tu. Nilipokuwa namwagia ule mguu maji baridi, dada yake alisimama mlangoni na mufupa shingoni, hana hata sauti ya kulia.

Ule mufupa ni wa ng'ombe, umetobolewa na kutiwa kamba. Kwenye masomo yao, yaani shuleni, mutoto akisema Kiswahili darasani ao uwanjani anavishwa. Ataubeba mpaka amsikie mwenzake anakosa vilevile, amvishe yeye. Anayerudi nao nyumbani, kesho yake anapiga magoti mbele ya wote na wanamcheka. Mimi pia niliuvaa zamani, na nilijua dawa yake: unamuvizia rafiki yako mpaka ateleze. Binti yangu hakutaka kumuvizia muntu. Alichagua kunyamaza.

Ilianza mwaka huu, alipoingia mwaka wa saba wa masomo. Katika hesabu mwalimu alitaja neno ambalo hakulielewa, akamuuliza jirani yake kwa Kiswahili lina maana gani. Ni hilo tu. Akavishwa. Halafu mimi, nikifikiri namsaidia, nikaamuru Kifaransa tu hapa nyumbani, hata wakati wa kula. Baba yake yuko Kabalo kwa kazi ya reli. Hakuwepo wa kuniambia nimepotea. Mutoto akakosa pahali pa kusemea: masomoni mufupa, nyumbani mama.

Kwa mwalimu wake nilikuwa nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. "Mama, huyu anajifanya bubu. Atazoea. Sisi wote tulipita pale." Mara ya pili hakucheka. "Niko na batoto sitini, Mama. Unataka niulize kila mumoja asubuhi kama roho yake iko muzuri?"

Ndiyo, nilitaka. Lakini nilirudi nyumbani kimya, na ule ukimya wangu unaniuma mpaka leo.

Baada ya yale maji nilianza kuogopa kila kitu. Akienda ziwani kufua, itabidi nimfuate kwa mbali. Muntu mubaya akimshika njiani, atapiga kelele? Mawimbi yakimvuta, ataita nani, na kwa luga gani? Jioni ile nilikaa naye chini kwenye mkeka, nikamsihi. "Sema Kiswahili, mama yangu. Sema lolote. Nimekosa." Alinitazama kana kwamba namtega. Mutoto wangu niliyemzaa alifikiri namuvizia.

Asubuhi nilimvua ule mufupa kwa mikono yangu, nikaenda naye kwa biro ya prefe, mkubwa wa masomo. Prefe hakunikaribisha kukaa.

"Mama, malalamiko yanaandikwa. Na kwa Kifaransa."

"Papa Prefe, wewe unasoma Kiswahili?"

"Nasoma."

"Basi."

Nilimaliza miaka sita ya sekondari. Kifaransa cha barua kiko kichwani mwangu. Nyumbani niliandika kwa Kiswahili makusudi, binti yangu akiwa ameketi kando yangu, aone mama yake anaandikia wakubwa kwa luga ile na havishwi kitu. Kama wangemfukuza, ningempeleka wapi? Nilipomuuliza niongeze nini, alichukua kalamu.

Kesho yake sekretari aliigeuza barua mara mbili. "Mama, hii iko kwa Kiswahili."

"Iko."

"Prefe atasema nini?"

"Asome kwanza. Akiona nimekosa, anivishe. Mufupa uko ndani ya bahasha."

Aliipapasa bahasha, akausikia. Akapiga muhuri juu ya kopi yangu bila kuniangalia. Kopi ninayo hapa, inasema hivi:

"Kwa Bwana Prefe. Mimi mama wa mwanafunzi wa mwaka wa saba naleta malalamiko. Mutoto wangu aliingia kwenu akisema, sasa hasemi. Jumanne mudogo wake aliungua na hakuweza kuniita. Kosa moja ni langu: nilimkataza luga yetu nyumbani, na nimeacha. Kosa lingine ni lenu. Naomba ule mufupa usivishwe mutoto yeyote tena. Naomba asipigishwe magoti. Naomba mwalimu mumoja amsikilize kila juma, kwa luga anayoweza, na amweleze hesabu pale anapopotea. Nangoja jibu la maandishi. Nitakuja kila asubuhi mpaka nilipate. Mstari wa chini ameuandika mutoto mwenyewe.

Nataka kuuliza neno nisilolijua, halafu nijibiwe."