Juzuu ya Pili

Ukitaka kitabu pale Soko la Saray, soko letu la vitabu Baghdad, hukitazami. Hiyo ndiyo adabu yetu ya mnada wa Ijumaa. Dalali Khudair anapanda juu ya kreti lake, anainua vitabu vya kale kimoja kimoja, na sisi tunasimama na nyuso za watu waliokuwa wanapita njia tu. Ukikishika, unakirudisha kwa dharau, unasema kimeliwa na mchwa. Ukionekana umekipenda, umekwisha, watakupandishia bei mpaka uombe maji.

Ustadh Shawkat alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alifundisha historia mpaka akastaafu, na mshahara wake wote uliishia kwenye historia za kale, huku mkewe, Umm Layth, akishona kanzu moja mara kumi. Nilimwona kwa macho yangu akimwambia Khudair, "Hiki kifungie samaki," kisha akakinunua kwa bei ya samaki. Nyumbani alikifungua kabla hajavua viatu. Mimi ni fundi wa majalada. Vitabu vyake karibu vyote vilipita mezani kwangu, tukabishana juu ya gundi na ngozi, tukawa ndugu.

Mzaliwa wa Ana huyo, mji mrefu mwembamba wa mitende na magurudumu ya maji, uliolala kandokando ya mto Furati. Lilipojengwa bwawa, mto ulipanda ukaufunika. Watu walihamishwa, yeye wakati huo yuko hapa Baghdad anasahihisha mitihani. Hakuuaga mji wake. Hakubaki hata na picha moja.

Kilikuwepo kitabu kimoja kilichoieleza Ana mtaa kwa mtaa, pamoja na mchoro wa nyumba zake: historia ya miji ya Furati, juzuu tatu, iliyochapwa kwa jiwe zama za Waturuki. Ustadh alikuwa na juzuu ya kwanza na ya tatu. Ana ilikuwa kwenye ya pili. Aliitafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi, Baghdad, Basra, Mosul, asiione.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Presha ya macho, na miaka ile ya vikwazo vya mataifa, matone ya dawa ungeyatafuta mji mzima usiyapate. Daktari hakumficha, alimwambia kiangazi hicho hakitaisha akiwa anaona. Vitabu vingine vyote alikwisha kuviuza kwa ajili ya unga na mafuta ya taa. Alibaki na zile juzuu mbili tu, na hamu yake ilikuwa moja: auone mchoro wa Ana kabla giza halijaingia.

Sasa sikilizeni. Wiki ile kulikuja sokoni maktaba ya kadhi mmoja marehemu. Khudair aliniita stoo kwake nishone migongo iliyoachia, palepale mbele yake, maana kitabu chake hakitoki nje kabla ya Ijumaa hata umlilie. Nikachukua kimoja, nikageuza ukurasa wa kwanza. Juzuu ya pili! Nusura nijichome sindano. Nilikishona, nikatengeneza palipochakaa, nikanyamaza kimya, kisha huyoo mpaka kwa Ustadh.

"Imepatikana," nikamwambia. "Juzuu ya pili. Ijumaa inanadiwa."

Hakushtuka hata kidogo. Alikoroga chai yake.

"Achana nayo, Abu Ghazwan."

"Niachane nayo? Ustadh, una homa?"

"Macho haya ya kusomea nini tena? Sina haja nayo. Wallahi sina. Kunywa chai inapoa."

Aliapa, jamani! Nikamtazama pale alipokaa, mabega yameshuka, nikaamini. Nilidhani amekata tamaa. Nilirudi nyumbani nimejaa uchungu, nikasema, la, haiwezekani. Nikachukua hela niliyoweka ya kuziba paa, yote, nikaitia kifuani. Nilitaka nimwekee kitabu mapajani bila kusema neno.

Ijumaa nilisimama nyuma karibu na ukuta, nikijikuna kama mtu asiye na shughuli. Khudair akakiinua. Nikataja bei ya dharau. Kimya. Nikaanza kushukuru Mungu, mara sauti ikatoka upande wa pili ikaniongezea. Nikageuka. Ni mtu simjui, mikono myeusi ya masizi, amevaa ovaroli. Nikaongeza. Akaongeza. Hakusita hata kuvuta pumzi.

"Wewe fundi, tangu lini unasoma?" mmoja akanipigia kelele. "Si unanusa gundi tu!"

Watu wakacheka, nami nikaongeza tena. Yule naye akaongeza. Nilimwona anajifuta jasho, nikasema moyoni, huyu sasa anachoka, ngoja nimmalize. Lakini soko lilikwisha kunyamaza. Wafanyabiashara walikuwa wanatutazama sisi, si kitabu. Mtu wa gundi na mtu wa masizi wanang'ang'ania karatasi kuukuu, basi pana kitu hapo. Na aliyekuwa anatutazama zaidi ni yule mnunuzi wa Amman, ng'ambo ya mpaka, anayekuja na gari kila mwezi kukomba vitabu vya wenye njaa.

Alitusubiri tufike mwisho wa mifuko yetu. Kisha akataja bei moja tu, akiangalia kucha zake.

Nilimtazama yule wa ovaroli. Naye alinitazama. Khudair akaita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akampa yule wa Amman kitabu.

Nilimfuata yule mtu wa masizi nikiwa nawaka.

"Wewe ni nani hata unipandishie? Utasomea wapi, chini ya jiko?"

"Usinitukane, hajji. Mimi Sabri, natengeneza majiko ya mafuta mtaa wa Kadhimiya. Kitabu si changu, nimetumwa."

"Na nani?"

"Mteja wangu, mwalimu mmoja mzee. Alinikabidhi hela yake ya mwisho akasema nisimwachie mtu yeyote. Ustadh Shawkat."

Nikamwacha hapo hapo, nikamkimbilia yule wa Amman ambaye alikuwa anapakia maboksi. Nikamshika mkono, nikamwomba aniazime kitabu saa moja tu, yupo mtu anapofuka, anataka kuona ukurasa mmoja, nitakirudisha, naapa kwa macho yangu haya mawili.

Alicheka vizuri kabisa, bila ubaya. "Hodari wewe! Hiyo ya kipofu sijawahi kuisikia." Akafunga mlango wa gari. Alidhani ni ujanja wa soko, na mtu yeyote wa soko letu angedhani hivyo hivyo.

Kwa Ustadh, Umm Layth alinifungulia mlango. Ustadh alikuwa dirishani, zile juzuu mbili ziko mapajani.

"Sabri?" akauliza, ameinua uso.

"Si Sabri. Ni mimi."

Nilimweleza yote nimesimama. Nilipofika kwenye yule wa Amman, Umm Layth alijifunika uso kwa ushungi akaingia jikoni. Nami sikuweza kujizuia, nikampigia kelele mgonjwa.

"Kwa nini uliniapia uongo? Mimi! Kwa nini hukuniambia?"

"Kila mtu anajua wewe ni mtu wangu," akasema polepole. "Na wewe uso wako hauna pazia, ndugu yangu. Wangekusoma mara moja, bei ikapanda. Na wewe... ulikuwa unamnunulia nani?"

"Unauliza!"

Maji yalikuwa yanachemka jikoni bila mtu kuyaepua. Halafu akanyoosha mkono, akapapasa, akanishika.

"Lakini wewe ulikishona. Kilikuwa mikononi mwako. Mchoro wa Ana umo?"

"Umo. Umekunjwa mara nne."

"Uliufungua?"

"Niliufungua wote, nione kama umechanika."

Akajisogeza mbele, mkono wake ukakaza. "Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya gurudumu la tatu, imeegemea ukuta wa msikiti. Imeandikwa jina la babu? Njia ya mtoni imechorwa?"

"Sijui, Ustadh."

"Jina lolote. Mtaa wowote ule."

"Sikusoma. Nilikuwa naangalia mikunjo. Nikabandika karatasi nyembamba nyuma palipolegea, nikaukunja, nikaurudisha."

Akaniachia. Nilitamani anitukane, lakini aliketi tu, akipitisha kidole juu ya jalada la juzuu ya tatu.

"Basi niambie mikunjo," akasema.

Nikamwambia. Mmoja umeachia katikati, mmoja una doa la maji pembeni, karatasi ni nzito ya zamani, imekuwa rangi ya chai. Alisikiliza amefumba macho, na nilipomaliza aliniomba nianze tena.