Baiskeli za Mjomba Katika Mtandao wa Serikali

Baba yangu alikuwa mwalimu katika shule ya Wametodisti hapa Kamina, mtu wa vitabu na suruali zilizopigwa pasi, na alipofariki alituachia vitabu na suruali. Aliyenilipia shule kuanzia hapo ni mjomba, mdogo wake mama. Yeye hakuwa na kitabu nyumbani isipokuwa Biblia. Alikuwa na biashara ya mawese. Alizunguka vijiji vya upande wa Kabondo-Dianda akinunua mafuta kwa akina mama wanaoyakamua, bidoni ya plastiki moja hapa, mbili pale, akayakusanya na kuyauzia kiwanda cha sabuni cha hapa mjini. Katika ukoo wetu walikuwa wakisema kwamba mimi nimesomeshwa na michikichi.

Nilipomaliza masomo, kiwanda hichohicho kiliniajiri katika ofisi ya manunuzi. Sijawahi kuuliza kama jina la mjomba lilisaidia, lakini nadhani lilisaidia. Basi kwa miaka mingi yeye alileta mafuta na mimi niliyapokea. Kazini alinisalimu kama karani yeyote. Nyumbani aliniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Kisha serikali ikaleta mradi wake. Alikuja enjenia kijana kutoka Lubumbashi, mpole, mwenye sauti ya chini, akiwa na maboksi ya kompyuta, paneli za jua na telefone nyingi. Alitukusanya chini ya paa la ghala, karibu na mapipa ya soda ya kuchemshia sabuni, akatueleza kwamba kila mtu aliye kwenye njia ya sabuni ataingizwa kwenye mtandao mmoja: mama anayekamua mawese, mwenye lori, kiwanda, mpaka mwenye duka kule Bukama. Mama ataandika bidoni zilizo tayari, sisi tutaziona hapohapo na kuagiza, mbebaji ataona mzigo unaomngoja, na mwenye duka atajua sabuni yake imefika wapi. Hakuna tena atakayezunguka kuulizauliza, alisema.

Mkurugenzi wetu alifurahi sana. Yeye ni mtoto wa wakulima Wakatoliki wa vijiji vya karibu, na alikuwa amechoka kuona vyungu vya kiwanda vinapoa kwa kukosa mafuta huku mafuta yenyewe yakichacha vijijini. Mimi pia nilifurahi. Lakini enjenia aliposema hakuna atakayezunguka, nilitazama chini, kwa kuwa nilijua ni nani anayezunguka.

Nilichaguliwa kusimamia uandikishaji. Tulitoka wakati wa kiangazi, kwa jipu la mradi, na mjomba akiwa amekaa mbele pamoja na dereva. Bila yeye tusingefika popote. Katika kila kijiji alishuka kwanza, akasalimu kwa Kiluba, akauliza habari za wagonjwa na za waliojifungua, ndipo akatutambulisha. Alitafsiri maneno ya enjenia moja baada ya jingine bila kupunguza kitu. Akina mama walizipokea telefone kwa mikono miwili. Mmoja aliifunga yake kwenye pindo la kitenge papo hapo, akauliza kama inaogopa mafuta.

Siku ya mwisho tulikaribishwa bukari, ugali wetu, na samaki katika ua wa mama mmoja mkamuaji. Tulipokuwa tukila, mjomba aliitazama tableti iliyokuwa pajani mwangu.

"Mama," aliniambia, "na minyi niko wapi mu ile mashini?"

Nilinawa mkono wangu wa kulia nikaifungua mbele yake, ingawa nilikwisha jua jibu. Kulikuwa na nafasi ya mtengenezaji, ya mbebaji, ya kiwanda, na ya duka. Hapakuwa na nafasi ya mtu anayenunua huku na kuuza kule. Enjenia alimweleza kwa heshima, akimwita papa, kwamba mradi umekusudia kufupisha njia. Mjomba alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Akamwambia mwenye nyumba kwamba samaki wake ni mzuri, akaendelea kula.

Miezi iliyofuata mambo yalikwenda kama tulivyoahidiwa. Akina mama waliuza moja kwa moja kwa kiwanda na wakapata zaidi kuliko zamani. Lori tulilokodi lilikwenda na kurudi. Mjomba hakuonekana tena ofisini. Mama yangu alikwenda kumtembelea, akarudi akasema ndugu yake analima mihogo na hamlaumu mtu. Alisema hivyo akinitazama kwa muda mrefu kidogo.

Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda mwenyewe. Mjomba alinitolea kiti kizuri, kile cha wageni, na hilo peke yake liliniumiza, kwa kuwa zamani nilikaa popote. Nilianza kusema kwamba mradi haukuwa wangu, kwamba kama ningeweza... Aliniacha niseme kidogo, kisha akaninyamazisha kwa mkono.

"Bale bamama banapata muzuri sasa," alisema. "Minyi nilikuwa nakula pale katikati. Haikuwa bwizi, ilikuwa kazi. Kazi imeisha."

Ningependa angekasirika. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikipitia njia ndefu ya kando ya reli, kisha nikampikia mama chakula.

Halafu mvua zikaanza. Barabara ya Kabondo-Dianda ni mbaya hata jua likiwaka. Mvua zikinyesha sawasawa inakuwa kitu kingine kabisa. Lori letu lilikwama, likavutwa, likakwama tena, na mwenye lori akasema hatalituma mpaka ardhi ikauke. Lakini mtandao ulikuwa ukifanya kazi. Kila asubuhi nilifungua kompyuta nikakuta bidoni zimeongezeka, mama huyu ameandika tayari, mama yule ameandika tayari, na nafasi ya mbebaji ni tupu. Wafanyakazi wa vyungu walikaa barazani wakicheza karata. Mkurugenzi alikuwa akiingia ofisini kwangu, anasimama nyuma yangu na kuitazama skrini jinsi mkulima anavyotazama mawingu, kisha anatoka. Hatujawahi kuyaona mafuta vizuri namna ile, na hatujawahi kuyakosa namna ile.

Katikati ya mvua hizo mjomba alikuja kiwandani. Alikuwa amevaa buti za mpira na koti la zamani la mfanyakazi wa reli. Hakukaa kwenye benchi la wauzaji. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Uniandike mubebaji," alisema.

"Mujomba, motoka iko wapi?"

"Niko na makinga."

Kinga ndilo jina letu la baiskeli. Nilikuwa nimeona maisha yangu yote vijana wakisukuma baiskeli zilizopakiwa bidoni, fimbo imefungwa kwenye usukani ili waweze kuziongoza wakitembea kando, na bado sikuwa nimefikiria kwamba wanaweza kuingia kwenye kompyuta. Mjomba alinieleza bila haraka. Hata zamani, lori lilipokataa, vijana wake ndio waliosukuma mafuta kwa njia za porini mpaka Bukama, na kutoka Bukama treni iliyaleta Kamina. Vijana wapo. Baiskeli zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia waende kwa nani, na sasa anayejua hilo ni mashine.

Nilifungua ukurasa wa wabebaji. Mashine iliuliza aina ya chombo: lori, gari dogo, treni, boti. Baiskeli haikuwamo. Nikachagua gari dogo ili nione kitakachofuata, nayo ikataka namba ya plake, kile kibao cha nyuma ya gari, na ikakataa kusonga mbele bila plake. Nilimpigia enjenia simu Lubumbashi, mjomba akiwa amesimama palepale, maji yakimdondoka. Enjenia akasema yeye hawezi kubadilisha mashine, wanaoibadilisha wako Kinshasa, na mpaka watusikilize, mvua zitakuwa zimekwisha.

"Inataka plake, muipatie plake," alisema enjenia. "Lakini ionekane kweli ku kinga. Nisisikie namba ya bure."

Mjomba alikata plake kutoka kwenye bati la paa lake la zamani. Alizipaka rangi nyeupe na kuandika namba kwa nyekundu, na kwa kuwa hakuwa na mkono mzuri wa kuandika, mama yangu ndiye aliyechora tarakimu, ameinama kwenye veranda yetu na brashi ya kung'arishia viatu. Nilikuwa sijawaona wale ndugu wawili wakicheka pamoja tangu mradi ulipoingia. Vijana walizifunga nyuma ya baiskeli kwa waya. Nilisikia baadaye kwamba wakifika Bukama, huosha plake kwanza, kabla ya miguu yao.

Mafuta yakaja. Hayakuwa mengi kama ya lori, lakini yalikuja kila treni ilipokuja, na vyungu vikawashwa tena. Mkurugenzi aliacha kusimama nyuma yangu.

Mvua zikiwa bado zinanyesha tukapata habari kwamba mjumbe wa mradi atatoka Kinshasa kuja kukagua. Katika kompyuta zao walikuwa wameona kwamba Kamina ina magari mengi kuliko kiwanda kingine chochote katika mradi, na kwamba kila gari linabeba mzigo mdogo ajabu. Mkurugenzi aliniita ofisini kwake na kufunga mlango. Aliuliza kama ni kweli niliandika baiskeli kuwa motokari. Nilisema ndiyo, na kwamba enjenia anajua. Akasema kama vifaa vya mradi vitachukuliwa, mimi ndiye nitakayewaeleza wafanyakazi. Hakusema kwa ukali. Alikuwa na hofu, na mimi pia.

Mjumbe alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye miwani. Alizungumza Kifaransa na Kiswahili kidogo alichochanganya na Kilingala. Aliomba kuyaona magari. Mjomba alikuwa amewaleta vijana kwa treni pamoja na baiskeli zao, amewapanga uani mstari mmoja, plake zikielekea upande wa wageni. Wafanyakazi walitoka barazani kutazama. Mjumbe alipita mstari wote polepole, mikono nyuma, kama mkuu wa shule. Hakucheka. Alipofika mwisho alimuuliza mjomba ni nani aliyetoa plake hizi.

"Mashini iliomba plake, mama," alisema mjomba. "Tuliipatia."

Mjumbe aliomba baiskeli moja ipakiwe kama inavyopakiwa safarini. Vijana wakapakia bidoni wakazikaza kwa kamba za mpira. Aliweka mkoba wake chini, akashika fimbo ya usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mwingine, akasukuma. Baiskeli ilikwenda kidogo, ikainama, na vijana wawili wakaidaka kabla haijamwangukia. Alibaki ameishika, akihema, akauliza Bukama ni mbali kiasi gani na vijiji hivyo. Mjomba alimwambia ni safari ya kulala njiani.

Mjumbe alifuta mikono, akatuambia uamuzi wake hapohapo uani, na mimi ndiye niliyeutafsiri. Alisema kazi hii ni ya kweli, lakini maandishi si ya kweli. Serikali ikisoma kwamba Kamina ina magari, mwakani hakuna atakayefikiria kutengeneza barabara yetu, kwa kuwa ataona magari yanapita. Kwa hiyo baiskeli zitafutwa kwenye mtandao leo. Yeye ataomba zipewe nafasi yao wenyewe, lakini hawezi kutuahidi lini.

Nilitafsiri vibaya sehemu ya barabara, ikabidi nirudie. Niliona mkurugenzi akiinamisha kichwa, na nikajua anakubaliana naye. Mimi pia nilikubaliana naye, ingawa sikutaka. Mjomba alimshukuru, wafwako, kwa Kiluba, kisha akapita mstari ule mwenyewe akifungua waya na kuzitoa plake moja moja. Hakumwachia kijana yeyote kazi hiyo.

Vifaa havikuchukuliwa. Nilifuta baiskeli jioni ile, kama nilivyoagizwa. Mpaka mvua zilipokwisha, mafuta yaliendelea kuja kwa namna ya zamani: mimi nilisoma kwenye skrini mama gani yuko tayari, nikampigia mjomba, naye akawapigia vijana. Tulikuwa tukizungumza kila siku. Wakati mwingine shughuli iliisha na bado akaniuliza tumekula nini.

Kiangazi kilikuwa kimeshika wakati enjenia aliponipigia simu na kuniambia nifungue ukurasa wa wabebaji. Baiskeli ilikuwamo. Haikuulizwa plake, bali jina la anayesukuma. Na chini ya nafasi ya mtengenezaji kulikuwa na nafasi nyingine mpya, ya mkusanyaji. Nilimwita mjomba. Alikuja siku iliyofuata na kuniomba nimsomee mara mbili.

"Mujomba, sasa iko nafasi yako," nilimwambia.

Alivuta kiti akaketi. Aliitazama skrini, si mimi.

"Ile ya kinga, uandike batoto," alisema. "Kila mumoja jina yake. Ile ingine, uiache."

Nilimuuliza kwa nini, maana nilikuwa nimeingojea kuliko yeye. Alisema mkusanyaji ni mtu anayejua peke yake mafuta yako wapi, na sasa wanajua wote. Akina mama wamekwisha kuizoea njia yao, na yeye akirudi katikati watamkubali kwa aibu tu, kwa sababu ya zamani. Angependa atunze depo ya Bukama, mahali bidoni zinapongojea treni, kama kiwanda kitakubali. Mkurugenzi alikubali kabla sijamaliza kueleza.

Vijana walikuwa wamemfuata, wanangoja nje kwenye korido. Mjomba alifungua mlango akawaita waingie mmoja mmoja. Wa kwanza alivua kofia, akasimama wima mbele ya kompyuta kana kwamba anapigwa picha, akanitajia jina lake, na la baba yake, na la kijiji chake. Mashine ilitaka jina moja tu. Niliyaandika yote matatu, nayo ikayakubali.