Supu Niliyompelekea Thuo

Kwii.

Kiti cha mbao kililia kabla ya alfajiri, nikajua mume wangu bado yuko hai.

Thuo alikuwa na miezi miwili akilala ameketi. Akijilaza tu, pumzi inakata. Miguu ilivimba hadi viatu vikakataa.

Hiyo ilikuwa mwaka wa 1981, chumbani kwetu mtaa wa Mbotela.

Hospitali wakasema moyo umechoka kusukuma damu, mwili unajaa maji. Wakamlaza, wakampa dawa ya kukojoa. Akapungua uvimbe, akarudi nyumbani akitembea.

Wiki tatu tu, tukarudi wodini.

Mimi niliona ni udhaifu. Kila siku nilichemsha mifupa, nikatia chumvi ya kutosha, nikaitia supu kwenye chupa ya chai, nikaenda kwa miguu hadi kitandani kwake.

Kitanda cha pili alilala Mzee Kombo, ambaye hakuwa na mtu wa kumtembelea.

"Shemeji! Hiyo supu nimeinusa tangu uko getini. Thuo, wewe utazikwa umenona!"

"Nyamaza wewe," Thuo akamjibu. "Wivu tu."

Thuo alikunywa polepole, akamaliza yote. "Tamu, Mama Waruguru."

Nesi Muhiba alimpima uzito kila asubuhi. Ndiye aliyemtafutia mto wa tatu, na sijui aliutoa wapi. Siku moja alitazama karatasi ya uzito, akatazama chupa yangu.

"Mama, naomba nionje."

Akaonja. Hakunigombeza. Alifunga kifuniko taratibu.

"Chumvi hii ndiyo inamjaza maji, mama."

Sikulia. Nilitazama kiatu chake, ukanda umeshonwa kwa uzi mweusi. Nakikumbuka kile kiatu kuliko maneno aliyoendelea kusema.

Kuanzia hapo nilipika kwa limau na dhania. Thuo akakunja uso. "Hii si ni maji ya kuoshea sufuria?" Lakini akanywa.

Tulikuwa tumechelewa. Alifariki Jumanne.

Alhamisi nilienda wodini kuchukua viatu vyake. Sikuhisi kitu. Ilikuwa kama nimetumwa dukani.

Kombo akaniita, mara hii bila utani.

"Shemeji, keti. Thuo alijua."

"Alijua nini?"

"Mambo ya chumvi. Nesi wa zamu nyingine alimwambia alipolazwa mara ya kwanza. Nikamuuliza, mbona unakunywa basi? Akasema, 'Ametoka Mbotela kwa miguu. Nitamwambiaje arudi nayo?'"

Nikakaa na viatu mapajani.

Nilimweleza Muhiba. Akaketi kando yangu. "Tulimwambia mgonjwa. Mpishi hatukumwambia."

Kesho yake, saa ya wageni, alisimama mlangoni. Kila aliyekuja na chakula cha mgonjwa wa moyo alisalimiwa, akaelezwa, akaulizwa kama ameelewa. Kila siku hivyo. Baadhi ya wagonjwa wale niliwaona wakienda nyumbani, na sikuwaona wakirudishwa.

Wewe unayempikia mgonjwa, usingoje akuambie. Anaweza kukuonea huruma. Muulize nesi mwenyewe, na umwonjeshe chakula chako.

Nilijuaje yaliyoendelea wodini, na mume wangu keshazikwa?

Ile Alhamisi, nilipoinuka, Kombo alishika ncha ya leso yangu.

"Shemeji, utakuja tena? Supu usilete. Njoo tu."