Mkono Ambao Haupakwi

Mama anayeuza mafuta ya ngozi pale soko la Sosiot huchuma chai asubuhi kama sisi sote, na mchana hupanga vikopo vyake juu ya gunia. Mafuta huyapika mwenyewe, ya avokado na nta ya nyuki. Akifungua kikopo huchota kidogo kwa kijiti, hunusa, kisha hujipaka mkono wa kushoto tu. Ni laini kama wa mwalimu. Wa kulia hajaupaka kitu tangu Januari. Utomvu wa chai umeutia weusi na vidole vimepasuka kama gome.

Jumamosi Nyanchoka, mchumaji mwenzetu, alishika kikopo akacheka. "Mama, hii ya kienyeji itanisaidia nini? Mimi nataka ile ya duka, iko na harufu." Mama alimnyooshea mikono yote miwili, viganja juu, akangoja. Nyanchoka aligusa wa kushoto, akagusa wa kulia, akaacha kucheka.

"Na huu hauumi?"

"Unauma sana. Hata kushika kikombe ni shida."

"Si basi uupake!"

"Nikiupaka," alisema akifunga kikopo, "nyinyi mtaamini nini?"