Mlango wa Mzee Asumani

Mtu akikwambia Mama Djuma alikuwa mpangaji mchafu, mwambie akafie mbele. Wiki nzima kabla ya kutoka kwenye nyumba ile ya Mikelenge, mtaa wa Kindu huko Kongo, mwanamke yule aliyekwisha pita miaka hamsini alikuwa juu ya kiti kibovu, brashi mkononi, akipaka chokaa kuta za watu. Alifukia matundu ya panya kwa udongo. Alikwangua masizi ya jikoni kwa kisu mpaka vidole vikachubuka. Kindu ndivyo ilivyo: ukihama, nyumba unairudisha kama ulivyoikuta. Mwenye nyumba anakuja na shefu, mkuu wa mtaa, wanapita chumba kwa chumba, wanagusa, wanachungulia, na kila kilichovunjika ni juu yako. Kwa kuta Mama Djuma hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Wasiwasi wake ulikuwa mlango.

Jina lake hasa ni Mwanahamisi, ila hakuna anayemwita hivyo. Wanamwita kwa jina la mwanawe, wa kwanza na wa mwisho. Mwenyewe Djuma amelala nyuma ya nyumba ile ile, karibu na jiko, mahali pasipo na tuta wala jiwe, ila pamefagiliwa kila asubuhi kwa zaidi ya miaka ishirini. Na juu ya Djuma, humo humo ardhini, umelala mlango wa mbele wa Mzee Asumani, mwenye nyumba.

Ilikuwa mwaka 2002. Waasi walikuwa wameushika mji, wanamgambo wa Mayi-Mayi wameuzunguka, na raia wamebanwa katikati, hakuna wa kuwauliza mumekula nini. Mashamba yalikuwa upande wa pili wa bunduki. Aliyekwenda kuchuma sombe, majani ya muhogo, hakurudi. Mzee Asumani alikwisha kimbilia Kinshasa mapema na mke wake na watoto wake, akamwachia ufunguo mpangaji wake Kasimu, mumewe Mama Djuma, akasema, "Munichungie nyumba." Na kweli wakaichunga. Djuma alikuwa na miaka saba. Alianza kuvimba miguu, halafu uso, halafu asubuhi moja mama yake akamwamsha, hakuamka. Hakuna risasi iliyompiga. Alikufa njaa tu, mjini, kwenye mkeka wake, na watu wanaosimulia vita ile kwa kutaja majina ya wakubwa wangelipaswa kwanza kulisema hilo.

Makaburini hakufikiki. Mtoni nako hakufikiki, maana waliokuwa wanashuka Lualaba kuchota maji walikuwa wanapigwa risasi na ndoo zao mkononi. Mama Djuma, ambaye hata siku zile ndiye aliyeitwa kuosha maiti za wanawake mtaani, hakupata maji ya kumwosha mtoto wake mwenyewe. Walimpangusa kwa vumbi safi, kama dini inavyoruhusu pasipo na maji, wakamvika kikwembe cheupe cha mama yake. Kasimu akachimba. Kilichokosekana ni kiunza, ule ubao unaowekwa kaburini ili udongo usimwangukie maiti. Mbao zote za mtaa zilikwisha kuwa kuni za askari. Kasimu akageuka, akautazama mlango.

Ulikuwa mlango wa mti mgumu, mzito, umechongwa maua pembeni, na baba yake Mzee Asumani ndiye aliyeuleta kutoka Kasongo zamani za Wabelgiji. Kasimu aliung'oa, akashika panga aukate apate kipande cha kumtosha mtoto. Mama Djuma akamshika mkono. Akamwambia mlango si wao, ni amana ya watu. Ukikatwa umeharibika, ukiwekwa mzima siku moja utarudi kwa mwenyewe. Hebu mfikirie mwanamke huyo: mwanawe yuko pale mkekani, na yeye anaihurumia mali ya mtu aliyeko Kinshasa. Basi Kasimu, na njaa yake ile, akalipanua shimo mpaka mlango ukaingia wote. Likawa kaburi la mtu mzima, na ndani yake mtoto asiyefika mtu kiunoni.

Walisema wakipata mbao watabadilisha. Mbao zilipopatikana, moyo wa kufukua haukupatikana. Vita ilipotulia Mzee Asumani akaja kutazama nyumba yake, akauliza mlango, na Kasimu akawahi kujibu kwamba askari waliuchoma. Nusu ya mji ilikuwa haina milango, mzee akashukuru kwamba paa lipo, akaweka mlango wa bati, akarudi zake. Mama Djuma alikuwepo na alinyamaza. Baadaye Kasimu akaenda kutafuta madini Punia, shimo likamfunika huko huko, na mkewe hakuonyeshwa hata kaburi. Kaburi alilobaki nalo ni lile la nyuma ya jiko. Ndiyo maana hakuhama. Paa lilivuja, kodi ilipanda, watu walimwambia mbona usitafute pazuri, na yeye akawa anafagia tu.

Kisha Mzee Asumani akafa, na mwanawe Abedi akaja kuiuza nyumba kwa mfanyabiashara aliyetaka kuweka stoo. Abedi huyo, kabla ya vita, alikuwa akila na Djuma sahani moja. Mama Djuma alikwisha mfuta makamasi kwa mkono wake. Sasa alikuwa mwanaume wa viatu vya kung'aa, anayetembea uani akiangalia pa kukanyaga. Alimpa mama yule muda wa kuhama, na mama akakubali bila ubishi, maana alikwisha panga la kufanya. Jirani yake Josiane, aliyekuwepo siku ya mazishi na aliyeifunga siri ile miaka yote, alikuwa na chumba kitupu, na dirisha la chumba hicho linatazama nyuma ya jiko lile. Mama Djuma angesema tena yale ya askari, wangemkata garanti yake yote, ile pesa ya dhamana aliyoiweka siku ya kuingia, kwa ajili ya mlango, na angeihama nyumba bila kumhama mtoto. Alichotakiwa ni kunyamaza siku moja zaidi.

Siku ya kukabidhi nyumba Abedi alikuja na shefu, na majirani wakajikusanya kwenye ua kama kawaida yao. Walipita vyumbani. Shefu, mtu wa makamo asiyependa magomvi, alizisifu kuta, akasema hajaona chokaa nyeupe hivi mwaka huu. Abedi hakusifu kitu. Alifika kwenye mlango wa bati, akaugonga kwa kidole.

"Mama Djuma, mulango ya babu yangu iko wapi?"

Akajibu alivyopanga: askari waliuchoma. Abedi akacheka. Alikwisha uliza watu, akasema, na wakubwa wa mtaa wanakumbuka kwamba katika mstari ule wa nyumba askari hawakuingia. Mlango uliuzwa. Baba yake aliacha nyumba kwa watu aliowaamini, na wao wakaula mlango, ndiyo maana wenzao walikufa na wao wakapona. Alisema hivyo kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Halafu akaongeza kwamba ndiye huyu huyu wanayempa wake zao awaoshe wakifa, na akawaomba waume waliopo wajiulize pete na herini zilikwenda wapi.

Hapo ndipo Abedi alipomshika pabaya. Angemwita mwongo, angemwita mchawi, mama yule angevumilia. Lakini mtu anayeingia peke yake kwenye chumba cha maiti hana kingine cha kujivunia isipokuwa mikono yake, na mikono ile hakuna aliyewahi kuisema vibaya. Alitazama uani, akaona mwanamke mmoja ambaye mama yake alimwosha juzi juzi anakwepa macho yake. Josiane alimvuta kikwembe kwa nyuma, amnyamazishe. Hakunyamaza.

"Sikuuza," akasema. "Mulango iko na Djuma."

Akawapeleka nyuma, akawaonyesha mahali, akawaeleza yote, njaa, vumbi, panga la Kasimu. Alieleza akiwa amesimama wima. Wanawake walilia. Shefu alivua kofia. Na mama wa watu, Mungu wangu, alijisikia mwepesi, akaona limekwisha. Nani atafukua kaburi la mtoto? Mwislamu wa Kindu, mtoto wa Mzee Asumani, aliyekula sahani moja na huyo aliye chini?

Abedi alikuwa anaangalia ardhi. "Na muliukata?" akauliza.

"Hatukuukata. Iko muzima vile vile," akajibu Mama Djuma, tena kwa fahari kidogo, maskini.

"Basi utoke," akasema Abedi.

Shefu alijaribu, kwa kukohoa zaidi kuliko kwa maneno, akataka shehe aulizwe. Shehe aliulizwa. Alisema mtu akizikwa katika ardhi ya mwingine na kwa mali ya mwingine bila idhini, mwenyewe ana haki ya kudai, hata kaburini. Ila kusamehe ni bora zaidi mbele ya Mungu. Abedi alisikiliza mpaka kwenye neno haki, akainuka, akavaa viatu vyake. Akatuma kusema kwamba kazi ya kufukua ni ya mpangaji, kwa kuwa kiwanja alikipokea hakina kitu na atakirudisha hakina kitu.

Aliyechimba ni Mardochée, kijana wa kuchimba visima, ambaye kabla ya kushika sululu alimwomba mama msamaha, akamwomba na mtoto. Mlango ulitoka. Mti ule wa Kasongo haukuliwa na mchwa, haukuoza, maua yake yote yapo, na Abedi aliinama kuyahesabu maua akisahau kabisa ni wapi amesimama. Djuma ndiye aliyekwisha. Palikuwa na nyuzi za kikwembe, na mifupa michache ya kuvunjika ukiigusa, na meno. Meno yenyewe ya utoto, mengine hayakuwahi kung'oka. Mama yake alishuka shimoni, akayaokota mabaki hayo yote moja moja kwa vidole, akayafunga kwenye kitambaa kipya, na mchana ule ule yeye na Josiane na Mardochée na shehe wakayapeleka makaburini. Watu hawakuwa wengi. Wengi waliona aibu, na wengine, tusidanganyane, walibaki uani kuutazama mlango.

Aliporudi alikuta Abedi anamngoja. Shimo lifukiwe, akasema, uani pafagiliwe, na mlango uoshwe kabla haujafungwa mahali pake. "Usafi ni wa mupangaji, mama." Shefu aliangalia chini. Mama Djuma hakubishana, akaenda kuchota maji. Siku hizi maji yapo, unachota hata ndoo kumi, hakuna anayekupiga risasi.

Aliulaza mlango kwenye mkeka. Akaanza upande wa kuume, akamimina polepole, akasugua kwa kiganja, sabuni kidogo, akamimina tena. Akaja upande wa kushoto. Akarudia, na mara ya tatu akatia karafuu maiti majini. Midomo yake ilikuwa inatembea. Josiane ni Mkatoliki, lakini alikuwa amekwisha msaidia mara nyingi kubeba ndoo kwenye misiba, akaijua kazi ile ni kazi gani, akageukia ukuta na kulia kwa sauti. Abedi aliuliza huyo naye analilia nini.

Kisha akauchunguza mlango, akapitisha mkono. Katikati, kuelekea juu, palikuwa na alama nyeupe, pana kama kiganja, iliyoingia ndani ya mti.

"Hapa bado."

"Hapo hapatoki," akasema Mama Djuma. "Hapo palikuwa juu ya uso wake."

Abedi akaigusa tena alama ile. Mtu yeyote mwenye mama angedhani sasa moyo umemwingia. Alikuwa anafikiria tu kitu cha kufanya, akakipata: mama arudi kesho na msasa.

Na Mama Djuma akarudi. Asubuhi, mbele ya shefu, alipiga magoti akasugua alama ile kwa msasa mpaka mti ukawa laini, mpaka alama ikaisha. Chini ya mkono wake alikuwa ametandika kikwembe, na unga wote uliodondoka aliukinga, hata uliorukia sakafuni aliufuata kwa kidole chenye mate, asiache hata chembe. Akakifunga kikwembe kile fundo, akakitia kifuani. Abedi aliitazama sakafu, haikuwa na vumbi mahali popote, akaridhika. Akamwambia shefu kwamba sasa ndiyo, huyu kweli ni mpangaji msafi, na hadaiwi kitu.