Ukuta wa Wistin na Karmni

Wistin alikuwa fundi mawe, na pale kijijini kwao Malta alijulikana kwa mikono yake na kwa mdomo wake. Mdomo huo ulikuwa mali ya bendi ya muziki ya Mtakatifu Rokku, msimamizi wa mtaa wake. Ole wako uisifie mbele yake bendi ya Mtakatifu Katarina, ile ya mtaa wa pili!

Wakati wa vita watu walichimba handaki ndani ya mwamba, na kila familia ikajichongea kichumba chake. Cha Wistin kilipakana na cha Karmni, binti mshonaji, Mkatarina wa kutupwa. Mabomu yakinyamaza, Wistin hugonga ukuta: uko hai? Karmni naye hugonga: nipo. Wakikutana barabarani, hata salamu hakuna. Vita vikaisha, kugonga kukaisha, na Wistin akabaki kapera, anampenda Karmni na hathubutu hata kumwamkia. Ujinga gani huo!

Handaki nalo likapata kazi nyingine. Huyu kaweka viazi, yule kuku, Wistin mvinyo. Mwaka mmoja zabibu zilikubali mno, pipa jipya likakosa pa kukaa. Akashika sururu, akautwanga ukuta. Puu! Jiwe likaangukia upande wa pili.

"Mama yangu wee! Jasusi!"

Ni Karmni, na magotini kwake bendera mpya ya Katarina, siri ambayo Warokku walikuwa wakiitafuta kwa udi na uvumba. Wistin akafumba macho haraka.

"Sijaona kitu!"

"Umeona, mwongo wewe!"

"Haki ya Mungu! Huo wekundu sijauona, wala hizo nyuzi za dhahabu!"

Karmni akajitia hasira, kicheko kikamponyoka. Wakacheka mpaka kuku wa jirani wakapiga makelele.

"Basi nitaliziba hili tundu," Wistin akasema, akijifuta machozi.

"Thubutu! Unadhani nashonea humu kwa kupenda giza? Miaka yote hii nasubiri mtu agonge."

Wistin akaiokota sururu yake, akalipanua tundu. Wiki ile ile akatia mlango pale, na kabla ya Krismasi wakaoana.

Kila sikukuu ya watakatifu hao, bwana alipanda ngazi za handaki za kutokea mtaa wake, bibi za kutokea mtaa wake, wakatukanana hadharani hadi sauti zikakauka. Kisha kila mmoja akashuka kwenye kichumba chake. Mlango haukuwa na kufuli, lakini Wistin aligonga kwanza, akangoja ajibiwe.