Boss Maregesi, uliyetaja jina la kwenu

Bado nakataa. Jamani, nakataa kabisa! Jana tumemzika Boss Maregesi, mhariri wa kagazeti ketu hapa Musoma, na asubuhi hii nimejikuta nampigia simu nimuulize picha ya mbele iwe ipi.

Ikaita. Akapokea Mama Pendo, mke wake. Akajua namtafuta nani, akasema, "Hata mimi nilishamchemshia uji."

Mnaonifollow humu mnajua mimi sijasomea chochote. Layout, yaani kupanga kurasa, nilijifundisha mwenyewe YouTube. Siku ya kwanza niliingia ofisini kwake, kachumba kamoja juu ya duka la nyavu pale Mwigobero, kananuka dagaa mwaka mzima, nikamwambia bila hata salamu, "Mzee, gazeti lako lina habari nzuri ila sura mbaya."

Haki ya Mungu nilijua ananifukuza. Akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa. "Haya, kaa hapo ulioshe uso."

Nikakaa. Miaka sita!

Mama Pendo alikuwaga anauza sato wa kukaanga hapo chini, na nakala zilizobaki ndo za kufungia. Boss akiona, kelele dirishani: "Mama Pendo! Hiyo ni stori ya mbele hiyo!" Mama anajibu bila hata kugeuka, "Basi angalau samaki wamesoma." Soko zima kicheko.

Alikuwa na ugonjwa mmoja: majina. Hakuna cha "mkazi mmoja" kwenye gazeti lake. Tulienda Bunda, wakulima wa pamba wanalalamika mbegu hazijaota. Boss anamuuliza mzee mmoja jina lake, la baba, la babu, kitongoji. Mzee akamkazia macho: "We bwana, unaandika habari au umekuja kuposa kwangu?"

Nilicheka mpaka simu ikaniponyoka.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijawahi kukisema humu.

Boss alikuwa na mdogo wake wa damu kule Butiama, Baba Mdogo Wambura. Huyu alipokea ng'ombe za mahari ya binti yake. Binti ndo kwanza kamaliza darasa la saba, kachaguliwa form one! Boss akaenda kumsihi mara mbili. Wapi.

Siku ya deadline akaniwekea mezani stori kaiandika kwa mkono. Kichwa cha habari: "Ng'ombe wamefika nyumbani kwetu." Jina la binti hakuweka. La mdogo wake kaweka. Na la kwake mwenyewe kaweka, kaka mtu.

Nikamwambia, "Boss, jamani, huyu ni mdogo wako. Tuandike mkazi mmoja wa Butiama. Mara hii tu."

Akanitazama weee. "Nyabise, ya jirani tunataja majina. Ya kwetu ndo tuwe mkazi mmoja?"

Nikapanga ukurasa. Mikono hii hii.

Gazeti likatoka, ng'ombe zikarudishwa, binti akaenda shule. Ila Baba Mdogo akatuma ujumbe mmoja tu: "Ukifa, wakuzike huko huko Musoma na magazeti yako. Kwa baba hapa usiletwe." Hawakuongea tena.

Boss hakuwahi kulalamika. Lakini tukipita Butiama kufuata habari, alikuwaga anamwambia dereva apunguze mwendo. Anatazama mji wao kule juu kwenye mawe. "Pale ndo kalala mama." Basi, safari inaendelea.

Na mimi nyuma pale najiuliza. Ningegoma kuupanga ule ukurasa je? Si angekuwa anashuka anakula ugali kwao kama watu wengine?

Juzi presha ikampanda, wakamkimbiza hospitali, hakurudi. Mama Pendo alilia, akafuta uso, akaniambia kitu kimoja: "Alitaka alale pembeni ya mama yake."

Tukapiga simu Butiama. Baba Mdogo hapokei. Tukapiga tena. Hapokei! Wazee wa ukoo wakasema njooni tu, ya Wambura tutayajulia hapa hapa. Tukatoka Musoma na jeneza, hatujui kama kuna kaburi. Pendo na wadogo zake wanaimba, mimi siwezi hata kuitikia.

Tunafika. Kaburi lipo. Pembeni ya mama yake, hapo hapo.

Na ndani kuna mtu kifua wazi, udongo mpaka kwenye nywele, anachimba. Baba Mdogo Wambura.

Kijana mmoja akaninong'oneza, "Kaanza toka alfajiri. Hataki mtu mwingine ashike jembe." Anayempa maji ya kunywa ni yule binti yake, yuko form five sasa hivi, kavaa sketi ya shule.

Mama Pendo akasogea mpaka ukingoni. "Shemeji, toka sasa. Panatosha."

Hakuinua hata kichwa. "Bado, shemeji. Kaka yangu ni mrefu."

Jamani. Hapo ndo nilikaa chini kwenye udongo, nikalia kama sijawahi kulia.

Boss, nakumiss vibaya. Nataka ukohoe hapo nyuma ya kiti changu. Nataka uniambie picha imepinda wakati haijapinda, tugombane, Mama Pendo atuletee sato tunyamaze. Kesho nafunga kurasa peke yangu na sijui nafanyaje.

Ila ile hofu yangu, kwamba mikono yangu ndo ilikunyima kwenu, jana nimeiacha Butiama. Upo kwenu, Boss. Umenyooka vizuri, miguu haijakunjwa, mdogo wako kahakikisha.

Lala, Boss wangu. Lala kabisa.